Umekuja kwa Shughuli Gani

Nianze na simba, maana yeye ndiye aliyenichokoza kwanza. Alikuwa simba wa picha, amejilaza kwenye nyasi za manjano, amejaza ukurasa wote wa mbele wa tovuti yetu ya kutafuta hoteli. Aliyemweka hapo ni mwenzangu. Tulisoma kompyuta pamoja katika chuo kimoja cha Eldoret, na tulipomaliza, katikati ya miaka ile ya elfu mbili, tukarudi Kitale tukafungua saiba ya intaneti yenye kompyuta sita katika chumba kilichokuwa juu ya duka la mbegu. Kwao yeye ni Kachibora. Mimi wazazi wangu walihamia Kitale kutoka Bungoma nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo nina miji miwili na sijawahi kuona haja ya kuchagua mmoja.

Saiba ilitulisha, lakini tovuti ndiyo iliyokuwa ndoto yetu. Tulitaka mtu yeyote, awe Mombasa au Ulaya, aweze kutafuta mahali pa kulala katika miji ya huku kwetu: Kitale, Bungoma, Webuye, hata vituo vidogo kama Moi's Bridge. Wazo lilikuwa letu sote wawili. Kuiunda mara ya kwanza kulikuwa kwake, na hapo ndipo simba alipoingia. Intaneti yetu ilipitia waya wa simu. Simba alishuka kwenye skrini kwa vipande, kwanza masikio, kisha macho, kisha manyoya ya shingo, na kabla hajafika miguuni mteja alikuwa ameshanyanyuka kwenda kununua soda. Nikamuuliza mwenzangu ni nani aliyewahi kuona simba Kitale. Akasema watalii wanapenda simba. Nikamwambia anayekuja Kitale amekuja kununua mahindi. Alicheka, akamwacha simba wake palepale.

Chini ya simba palikuwa na visanduku vya kujaza. Kimoja kilitaka uchague idadi ya nyota. Gesti za Bungoma wakati huo hazikuwa na nyota, zilikuwa na jina la mke wa mwenye nyumba na tangazo la soda ukutani. Kisanduku kingine kilitaka tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka, na usipojaza ya kutoka kilikukaripia kwa maandishi mekundu. Nani anayekwenda matanga anajua siku atakayorudi?

Basi asubuhi moja alikuja mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kiminini, mteja wetu wa kila wiki, mtu wa koti na kalamu tatu mfukoni. Alitaka vyumba Bungoma. Nikamkalisha mbele ya tovuti yetu, nikasimama nyuma yake nikiwa nimevimba kichwa. Akambonyeza simba. Akambonyeza tena, safari hii puani. Alidhani ndiye mlango wa kuingilia. Baada ya robo saa aligeuka akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyeshindwa mtihani.

"Madam, si unitafutie tu," aliniambia. "Tuko watu kumi na mmoja, tunaenda matanga, na mama mkwe wangu ako ndani ya hiyo kumi na mmoja. Sasa hii kitu itajua aje?"

Haikujua. Asiyetoka kwetu huenda asielewe uzito wa swali lile. Kwetu mwanamume na mama wa mkewe wanaheshimiana kwa kuepukana. Hawali pamoja, hawapeani mkono, hawalali chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja hutafuta kichaka cha kumstahi. Ukiwaweka katika gesti yenye bafu moja mwisho wa ukumbi, umewaharibia msiba mara mbili. Tovuti yetu ilijua kuhesabu nyota na haikujua hilo hata kidogo.

Nikafanya nilichokuwa nikifanya kila nikikwama. Nikampigia simu senge.

Senge ni shangazi, dada ya baba, na huyu wangu ndiye mkubwa wa kina baba wote. Alikuwa msimamizi wa vyumba katika gesti moja ya ghorofa moja nyuma ya soko la Bungoma. Alikuwa na funguo zote kwenye mkanda wa kanga kiunoni, na kazi hiyo aliianza kabla sijaanza shule. Nilipomweleza habari ya mwalimu, hakuuliza bei wala tarehe. Aliuliza marehemu ni wa upande gani, wazee ni wangapi, na mama mkwe anaweza kupanda ngazi au hawezi. Kisha akapanga watu wote kumi na mmoja nikiwa bado natafuta kalamu. Mama mkwe akapelekwa kwa jirani, katika nyumba yenye chumba chenye mlango wake wa nje na bafu lake. Mwalimu akalala ng'ambo ya barabara, mbali na mama mkwe, na heshima ya kila mtu ikabaki nzima. Mwalimu aliporudi alinishukuru kwa simba wangu.

Hapo ndipo nilipokata kauli kwamba tovuti yote ivunjwe na kuundwa upya, na kwamba fundi wake mkuu atakuwa mwanamke ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Mwenzangu alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Nilimwachia saiba, nikaenda Bungoma kukaa nyuma ya kaunta ya senge kwa majuma mawili, nikiwa na daftari la mraba na kalamu.

Nilijifunza mengi pale kuliko miaka miwili ya chuo. Nilijifunza kwamba anayetafuta chumba mara nyingi si yule atakayelala humo. Ukoo mzima unasafiri, na mmoja ambaye anaonekana anajua mambo ya mji ndiye anayetumwa. Ana simu moja, ana majina kichwani, na kitu anachokiogopa zaidi ni lawama. Nilijifunza kwamba picha ya mbele ya gesti haimsaidii mtu, kwa kuwa kila mwenye gesti hupaka rangi mbele. Watu walitaka kujua habari ya choo, ya maji, na ya geti linafungwa saa ngapi. Na nilijifunza swali la kwanza. Mgeni alipofika kwenye kaunta, senge hakuanza na "unataka chumba cha bei gani". Alimkaribisha, akampa kiti, akamuuliza, "Umekuja kwa shughuli gani?" Jibu la hapo lilimpa karibu kila kitu. Wa matanga aliwekwa penye utulivu na kuruhusiwa kuondoka bila siku maalum. Wa harusi aliwekwa karibu na kioo kikubwa. Wa kupeleka mahari aliwekwa mbali na wale wanaopelekewa. Mfanyabiashara wa mahindi aliwekwa chini, karibu na geti, kwa sababu ataamka kabla ya jogoo na viatu vyake vina kelele.

Nikamwambia senge kwamba swali hilo litakuwa la kwanza kwenye tovuti pia. Alifurahi, lakini akanionya nisilitumie ovyo.

"Hiyo ni swali ya wageni," alisema. "Mtu wako huwezi muuliza amekuja kwa shughuli gani. Mtu wako anaingia tu, wewe unaongeza unga kwa sufuria."

Mimi mwenyewe nililala kwake majuma yote mawili, katika kitanda chake, yeye upande wa ukutani, kama nilivyolala kila likizo tangu utotoni. Jumapili ya katikati mwenzangu alikuja kutuona na kupiga picha za vyumba. Senge alichinja jogoo. Alipopakua, firigisi aliiweka kwenye sahani ya mwenzangu, na hilo si jambo dogo kwa mwanamke wa kwetu kumfanyia kijana asiyemzaa. Firigisi ni ya mwenye nyumba, ama ya mwanamume unayetaka ajue kwamba unamhesabu kuwa wako. Mwenzangu aliijua maana yake, kwa sababu aliacha kutafuna akanitazama, macho yamemlegea. Siku hiyo hiyo tulibadilisha neno la siri la kuingilia kwenye mtambo wa tovuti. Tukaliita firigisi. Tulicheka sana.

Katika majuma yale senge aliniambia pia mambo ya ndani ya gesti yake, kwa sababu alitaka niwapeleke watu mahali panapowafaa. Aliniambia bafu la juu lilikuwa limekosa maji ya moto tangu mvua za mwaka uliopita, na mwenye gesti aliwaagiza wawaambie wageni kwamba stima imepotea sasa hivi tu. Aliniambia kwamba siku za mvua, shuka za mgeni wa siku moja zilipigwa pasi tu zikageuzwa. Wenye watoto wachanga, alisema, niwapeleke kwingine, ama wapewe vyumba vya chini ambavyo yeye mwenyewe alivifulia. Nilikuwa naandika. Akaweka kiganja chake juu ya daftari langu.

"Hiyo nimekuambia wewe," alisema. "Si ya kompyuta."

Nikamwambia nimeelewa, na kweli niliamini nimeelewa.

Niliporudi Kitale tulianza kazi. Sikutaka kuunda kitu kabla ya kukijaribu, kwa hiyo nilinunua karatasi za manila, nikachora kila ukurasa kwa kalamu ya wino, nikawaita wateja wa saiba mmoja mmoja. Kila mtu nilimpa harage moja, nikamwambia ajifanye harage ndiyo panya ya kompyuta, alisukume mpaka mahali anapotaka kubonyeza. Wauza mbegu wa chini walipanda kuja kutazama wazimu huu. Pale harage lilipositasita, nilijua nimekosea, nikachora upya. Mwalimu wa Kiminini alilisukuma harage lake kutoka swali la kwanza hadi namba ya simu ya gesti bila kusimama, kisha akauliza simba amekwenda wapi.

Simba aliondoka, pamoja na nyota zake. Ukurasa wa kwanza ukabaki na rangi moja na swali la senge: Umekuja kwa shughuli gani? Chini yake ukachagua matanga, harusi, mahari, tohara, biashara, hospitali au mapumziko. Ukurasa wa pili uliuliza mko wangapi na kama kuna wakwe miongoni mwenu. Ukisema wapo, majibu yalikuja kwa jozi, nyumba mbili zisizotazamana. Tarehe ya kutoka ukaweza kuandika "sijui". Kila gesti ilikuwa na picha ya mlango wa bafu badala ya picha ya mbele, na namba ya mtu wa kupigiwa. Ukurasa ulifunguka upesi hata kwa waya wetu mbovu wa simu.

Watu waliitumia. Wenye saiba wengine wa Webuye na Bungoma walianza kuwatafutia wateja wao vyumba kupitia kwetu. Mwanamke mmoja aliandika kutoka Uingereza kwamba amewapangia ndugu zake malazi ya harusi nzima bila ugomvi, na kwamba hajui ni nani aliyefikiria habari ya wakwe lakini Mungu ambariki. Nilimsomea senge barua hiyo kwenye simu. Aliuliza kama alikuwa ametajwa. Nikamwambia hapana. Akasema vizuri.

Sasa nifike kwenye kosa langu, kwa sababu lipo, na sitaki kulipita kwa kunyata. Daftari la mraba lilikuwa limejaa, nami niliogopa lisije likalowa au likapotea. Kwa hiyo nilikaa siku tatu nikilinakili lote kwenye mtambo wa tovuti, gesti baada ya gesti, katika kisanduku nilichokiita "maelezo ya ndani". Kisanduku hicho hakikuonekana na mtu mwingine. Mimi na mwenzangu tu. Tulikitumia kujua tumpeleke nani wapi pale mteja anapotupigia simu. Na kwa gesti ya senge niliandika kama nilivyoandika kwa nyingine zote, maji ya moto, shuka, na uongo wa stima. Kwa kuwa nilizoezwa chuoni kutaja chanzo cha kila habari, nikamalizia kwa maneno haya: kwa mujibu wa msimamizi wa vyumba. Nilikumbuka kiganja chake juu ya daftari. Nikajiambia kwamba kitu kilichofichwa ni sawa na kitu kisichoandikwa.

Mwaka ulipokuwa unakaribia mwisho, mwenzangu alipata watu Nairobi. Ilikuwa kampuni iliyotaka kununua tovuti za usafiri, akaenda kuwaonyesha yetu. Tulikubaliana aende yeye kwa sababu ana ulimi wa kuongea na wenye tai, na mimi nibaki na saiba. Alikaa juma moja, akaongeza la pili. Simu zake zikawa fupi. Kila nikimuuliza wanasemaje, alisema mambo ni poa, nitulie.

Nilijua kwa mdomo wa mwalimu wa Kiminini. Alikuwa amekaa kompyuta ya tatu, dirishani, akacheka peke yake, kisha akaniita nije nisome. Tovuti yetu ilikuwa na kitufe kipya chini ya kila gesti, chenye rangi nyekundu, kimeandikwa "Siri za wenyeji". Alikuwa amebonyeza cha gesti moja ya Bungoma. Alinisomea kwa sauti ya darasani habari ya bafu la juu, na ya stima inayopotea kila mgeni akifungua bomba, na ya shuka za kugeuzwa. Akamalizia, "kwa mujibu wa msimamizi wa vyumba." Alisema huyo msimamizi ni mama jasiri sana.

Nilikaa kwenye kompyuta ya jirani nikafungua mlango wa nyuma wa tovuti ili nifute mstari ule, mstari mmoja tu. Nikaandika firigisi. Mtambo ukaniambia neno la siri si sahihi. Nikaandika tena polepole, herufi moja moja, nikidhani ni vidole. Si sahihi. Nikafungua ukurasa wa "Kuhusu sisi", ukurasa nilioutunga mimi, na humo nikakuta picha moja, ya mwenzangu akiwa amevaa tai, na maelezo kwamba alizunguka gesti zote za magharibi na daftari mkononi akijifunza mahitaji ya watu. Hata daftari langu alikuwa amelibeba.

Nilimpigia. Alishika simu mara ya nne. Nilimwambia aiondoe habari ya senge kwanza, mengine tutaongea baadaye. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba wale wa Nairobi waliona kisanduku cha ndani wakati wa maonyesho, na ndicho walichokipenda kuliko vyote. Kila tovuti ina vyumba, walimwambia, lakini hakuna yenye ukweli. Neno la siri alilibadilisha kwa ajili ya usalama.

"Relax, bana," alisema. "Kwani nani huko Bungoma anaingia internet?"

"Ulikula kwake," nilimwambia.

Nilisikia magari ya Nairobi yakipita nyuma yake. Kisha akasema biashara ni biashara, na kwamba yule mama hata hakutajwa jina. Nami nilijua, na yeye alijua, kwamba gesti ile ina msimamizi wa vyumba mmoja tu.

Alinigeuka. Sina neno laini la kulisemea hilo na silitafuti. Kama angalichukua tu picha yake, na tai yake, na sifa zote za harage na manila, ningalilia mwezi mmoja nikaanza kitu kingine. Lakini alimpima mama aliyempa firigisi dhidi ya kitufe chekundu, akaona kitufe kina faida zaidi. Hasira ile bado ninayo. Nikikutana na picha yake mahali, nafunga gazeti.

Aliyekuwa anaingia intaneti huko Bungoma alikuwa binti wa mwenye gesti, msichana wa chuo. Aliuchapa ukurasa ule kwenye karatasi akampelekea baba yake. Nilisimuliwa na binti wa mwisho wa senge, kwa sababu senge mwenyewe hakushika simu yangu. Mwenye gesti aliwaita wafanyakazi wote kwenye kaunta asubuhi, wageni wakiwa wanakunywa chai, akausoma ukurasa wote kwa sauti. Kisha akamuuliza senge kama maneno hayo ni yake. Angeweza kukana. Jina lake halikuwepo. Senge akasema ni yake, na ni ya kweli. Akafungua mkanda kiunoni, akaweka funguo juu ya kaunta, moja moja, akitaja chumba cha kila ufunguo ili atakayemfuata asipotee.

Nilikwenda Bungoma juma hilo nikamkuta shambani akipalilia maharage. Nilimweleza yote, habari ya mwenzangu, neno la siri, Nairobi. Nilizungumza kwa muda mrefu sana. Alisikiliza huku jembe lake likiendelea. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Wewe uliandika ama hukuandika?"

Nikasema niliandika. Akatikisa kichwa, akaniambia niende jikoni ninywe chai kabla sijaondoka. Mwenzangu alifungua mlango, hilo ni kweli, lakini aliyeweka kitu ndani ni mimi, na ndicho senge alichoniuliza. Chai ile niliinywa peke yangu.

Kitufe chekundu kilikaa miezi. Kila asubuhi nilikifungua, nikajaribu neno la siri, nikakataliwa.

Mwezi wa nane, binti yule wa mwisho wa senge aliolewa. Watu wa bwana harusi walikuwa wanatoka upande wa Trans-Nzoia, kundi kubwa, na senge sasa alikuwa anageuka kuwa mama mkwe mwenyewe. Kwa desturi yetu, mabinti wa kaka huenda siku tatu mapema kupika na kuteka maji, wanalala sakafuni wakipigana mateke, na hiyo ndiyo nusu ya raha ya harusi. Sikualikwa kwa maneno, na sikutarajia, kwa kuwa hakuna binti wa kaka anayealikwa. Nilifunga leso mbili na aproni kwenye mfuko, nikaja.

Nilifika adhuhuri. Dada zangu, yaani mabinti wa baba wadogo, walikuwa wameshakaa kwenye mikeka wakichambua mchele, na mmoja akasogea kunipa nafasi. Sikufika kwenye mkeka. Senge alitoka ndani akiwa na karatasi mkononi, ukurasa wenye mistari, na kalamu nyuma ya sikio, kama alivyokuwa akikaa kwenye kaunta. Alikuwa anawapangia wageni vyumba vya mjini. Mikono yake hakuinyoosha kunikumbatia. Alinivutia kiti, akasubiri nikae.

"Karibu," alisema. "Umekuja kwa shughuli gani?"

Mikono ya wale dada ikasimama juu ya mchele. Kila mtu pale alijua swali hilo huulizwa nani. Mimi ndiye niliyeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa tovuti, kwa herufi kubwa, lisomwe na kila mgeni duniani.

Nikasema nimekuja kwa harusi.

Aliandika. Sikuhitaji kuinama kuona kwamba jina langu lilikuwa limeshatangulia pale, kwenye safu ya watu wa bwana harusi, na alichokuwa anaongeza ni alama tu ya kwamba nimefika. Kisha alivaa viatu vyake vya kanisani akanisindikiza mwenyewe hadi mjini, kwa miguu, mimi nyuma yake na mfuko wangu. Njiani aliniuliza habari za baba, za mahindi Kitale, za mvua. Aliniuliza vizuri sana, kwa adabu ambayo hajawahi kunifanyia maishani. Natamani angenitukana.

Alinipeleka katika nyumba ile ya jirani wa gesti yake ya zamani, katika chumba chenye mlango wake wa nje na bafu lake, alichompa mama mkwe wa mwalimu. Ndicho chumba bora cha Bungoma kwa mtu anayestahili heshima na hapaswi kulala nyumbani mwako. Shuka zilikuwa zimefuliwa. Nilijua nani amezifua, kwa sababu ya namna zilivyokunjwa pembeni. Aliingia bafuni, akafungua bomba, akaweka kiganja chake chini ya maji, akangoja mpaka mvuke ulipoanza kupanda kwenye kioo.

"Maji moto iko," alisema, akijifutia mkono kwenye leso. "Nimejaribu mwenyewe. Hiyo unaweza andika."

Akaniwekea ufunguo juu ya kitanda, akatoka, akafunga mlango kwa nje polepole, kama anavyowafungia wageni.